Sikio Kwenye Mzinga

Mjukuu wangu Mwende,

Nakusalimu kutoka huku Tseikuru. Mama yako mdogo amepata nafuu, mbuzi waliobaki wako salama, na mvua bado imekataa. Hayo tuyaache.

Umeniuliza kwa nini, tangu tumzike mama yako, unasoma Biblia kila asubuhi na Mungu hasemi kitu. Mimi si mchungaji, Mwende. Nitakuambia tu nilichoona nikiwa msichana.

Mwaka wa njaa tulimzika ndugu yangu mdogo. Baba alisoma zaburi, kisha akaenda kuangalia mizinga yake ya nyuki, magogo aliyoyatundika mitini. Nilimfuata. Alipanda kila mti, akagonga mzinga kwa kidole, akaweka sikio kwenye gogo. Yote ilikuwa kimya. Kwenye ule wa mwisho alikaa sana, mpaka nikamwita kutoka chini.

"Baba, hata huo hauna kitu. Twende nyumbani."

"Ngoja kwanza. Nyuki wakiwa wachache hawasikiki haraka."

Hakusikia kitu. Lakini hakuushusha ule mzinga, na kesho yake, baada ya kusoma, alirudi kuupandia tena.

Sikuambii kwamba nyuki walirudi. Ninachojua ni kwamba siku hizi nikimaliza kusoma siinuki haraka. Leo nimesoma, nikamtajia Mungu jina la binti yangu, mama yako, kisha nikanyamaza.

Sijasikia kitu. Bado nimekaa.

Ni mimi nyanya yako.