Madoa ya Wanja

Baba Wanja mpendwa,

Sasa hivi mtoto wako amelamba kidole, akasugua doa la mkononi, akamwambia mama tuliyekaa naye hapa kwenye benchi la hospitali ya misheni: "Hili ni jipya. Yakijaa yote nitakuwa mweusi kama baba." Yule mama akacheka. Mimi nilishindwa.

Unakumbuka doa la kwanza, pale puani? Ulimwinua mlangoni ukamwita Cucu, mama yako, "Njoo uone, rangi imeanza kuingia!" Alikuwa akilia tangu Wanja azaliwe mweupe vile, nywele kama nyuzi za mahindi. Siku hiyo alisema, "Si niliwaambia alitolewa jikoni kabla hajaiva?" Tulicheka mpaka uji ukaungua. Baada ya wiki mbili askari wakakuchukua, wakakupeleka kizuizini.

Kuna jambo nataka ulisikie kwangu, si kwa Cucu. Tukienda kuchimba ule mtaro wa kando ya msitu, homgadi, yule mlinzi wa serikali, haruhusu mtu abaki nyumbani. Wenzangu waliniambia nimfunike mtoto kwa majani ya ndizi. Nilikataa. Nilimwacha juani makusudi, nikamgeuza kama nguo iliyoanikwa, bega hili, bega lile. Ngozi ikatoa malengelenge, akalia. Nikamwambia, "Vumilia, baba akirudi akukute umeiva." Madoa yakaja mengi, nikafurahi peke yangu.

Kumbe jua lilikuwa linamla. Daktari anasema ngozi yake haina kinga. Madoa mengi ni ya jua tu, hayana neno. Lakini la begani ni jeusi mno, na kingo zake zimepindapinda. Alikata kipande kikapelekwa Nairobi. Doa la jua na lile la saratani hufanana, alisema, hata yeye kwa macho tu hawezi kuapa. Jibu ni leo. Chifu amenipa pasi ya kutoka kijijini kwa siku moja.

Usidhani nimekata tamaa. Nimemshonea kofia ya gunia na shati la mikono mirefu, na asubuhi amekula viazi viwili vizima. Mtu mgonjwa sana hali hivyo, ama?

Muuguzi ameita, "Mama Wanja, mlete mtoto!" Nimemwomba dakika moja. Baba Wanja, hasira yako yote niwekee mimi. Yeye umpokee tu hivyo hivyo, mweupe, na umwambie—