Wimbo wa Bibi Mabruka

Jumatatu, 10 Julai
Mama mdogo Fawziya kaleta flashi yenye video ya harusi yake. Hatimaye! Bibi Mabruka, Mungu amrehemu, anaimba humo. Alhamisi ni hina ya dada yangu Wijdan, na Mama anautaka wimbo uleule — maneno yake hakuna anayeyakumbuka. Nikafungua kwenye kivinjari. Giza tupu! Faili la kamera ya zamani, mwisho wake MOD, aina ambayo sijawahi kuiona. Nikasema tulipeleke dukani likabadilishwe. Mama akanikata jicho. Ukumbi mzima wa wanawake, vichwa wazi, wanacheza — nimpelekee mwanamume wa dukani? Nimekoma.

Jumanne, 11 Julai
Kaka Anas ndiye fundi wetu wa kompyuta, lakini naye haruhusiwi kuangalia. Basi kakaa nje ya mlango, anatupigia kelele. Kuna ukurasa, eti, unacheza faili la aina yoyote humohumo kwenye kivinjari, na faili halitoki nyumbani. Mama hasadiki ng'o. Mtandao ni mtandao, anasema, kesho Tripoli nzima itatuona viuno! Wamebishana mpaka chai imepoa. Wijdan anatafuna karanga na kucheka tu. Bibi harusi gani huyu!

Jumatano, 12 Julai
Anas katuambia tufungue ukurasa kwanza. Kisha kachomoa modemu, kaipitisha mlangoni, kampa Mama aishike.
"Haya, Mama, mtandao huo hapo mkononi mwako. Sasa bonyezeni!"
Imecheza! Mwanzoni picha bila sauti — wanawake wanapanua midomo kama samaki. Anas akafoka tuchague sauti pale chini. Tukachagua. Mara Bibi! Sauti yake hasa! Modemu ikamponyoka Mama.
Wijdan ananakili maneno. Nje ya mlango Anas anauliza taratibu: ndiye yeye huyo? Bibi alikataa picha maisha yake yote; video hii tu ndiyo iliyomnasa. Anas alibebwa mgongoni mwake, lakini sura haikumbuki.
Mama kafunika skrini kwa mtandio, kamwita ndani. Anas kaketi chini, analia wala hajifichi. Tunaucheza wimbo tena, mara ya ngapi sijui. Mama anachungulia chini ya mtandio, kashika ncha, anangoja Bibi abaki peke yake kwenye picha ili amfunulie Anas. Lakini jirani yetu Zakiya kasimama papo hapo mbele yake.
"Zakiya, sogea basi!" Mama anaifokea kompyuta.
Zakiya anacheza tu.