Kiangazi cha Bunduki Mbili

Montana,
12 Oktoba

Kwa dada yangu mpenzi Ardith,

Salamu zangu zikufikie huko kwenye joto la Tucson, wewe na shemeji, pamoja na magoti yenu yote manne yanayowasumbua. Natumai dawa mpya imekukubali, na kwamba shemeji ameacha kupanda paa kusafisha mifereji kama kijana wa miaka ishirini. Sisi huku tunakula na tunalala, basi tuseme ni wazima. Binti yetu Janelle anakusalimu sana. Ng'ombe tumeshawashusha bondeni na theluji imeanza kugusa vilele.

Juzi kwenye simu ulisema sauti yangu ni ya mtu mwenye hasira. Sikutaka kukujibu kwa sababu Lowell alikuwa amekaa pale pale. Ndiyo, dada, nina hasira, na nimekuwa nayo tangu Juni.

Unakumbuka Juni nilikupigia nikilia kwa furaha, kwamba shemeji yako Lowell amepata kibali cha kuwinda kondoo dume wa mlimani. Tangu tuoane anaomba kila mwaka, na kila mwaka bahati nasibu ya vibali inampita kama vile hana jina. Kwa umri wetu huu hakipati tena. Kondoo mmoja, msimu mmoja, Novemba ikiisha na kibali kimekufa. Nililia, mjinga mimi. Sikujua ninafungulia nini mlango.

Kwanza ikaja hoja ya bunduki. Lowell anayo ile bunduki yake kubwa wanayoiita mia tatu, umri wake na wa Janelle ni mmoja. Ina teke la punda, lakini kwake yeye hiyo ndiyo bunduki, nyingine zote ni fimbo. Mkwe wetu Kip anayo ya kisasa ya milimita sita na nusu, risasi zake nyembamba na ndefu, ambazo anasema zinaukata upepo na hazimchoshi mtu bega. Basi kila Jumapili, kabla hata sijaweka viazi mezani, wameshaanza. Lowell anasema risasi ya Kip ni ya kuulia panya. Kip anasema, kwa adabu zake zote, mzee, hiyo yako ikifika ng'ambo ya korongo upepo umeshaisukuma hadi Wyoming. Lowell anamwuliza bwana harusi amewinda lini kondoo. Kip yuko kwenye ndoa mwaka wa nane na bado anaitwa bwana harusi. Janelle na mimi tunatazamana, mchuzi unapoa.

Ikaja hoja ya risasi. Za dukani hazifai, alisema Lowell, kila boksi lina tabia yake. Lazima atengeneze mwenyewe, zake na za Kip: ganda lake, baruti yake aliyoipima punje kwa punje, kichwa cha risasi alichokichagua. Na atatengenezea wapi? Si bandani, bandani kuna baridi. Atatengenezea kwenye chumba changu cha kufulia nguo. Dada, nimefua mashuka ya nyumba hii huku nimebanwa kati ya mtu na kopo la baruti, nikikatazwa kupiga chafya.

Na sahani! Unaijua sheria aliyotulea nayo baba: tundika sahani ya karatasi, rudi nyuma, na pale ambapo risasi zako zote bado zinaingia ndani ya sahani, hapo ndipo mwisho wako. Mnyama aliye mbali zaidi ya hapo humpigi, hata akusimamie akuchekee. Mtu akijeruhi mnyama akampoteza, huku hata salamu yake hupokelewa nusu. Basi sahani zangu zote za sherehe ya uhuru ya Julai zikaenda shabahani. Watu walikula maharage ya nyama kwenye bakuli za supu.

Zikawa zinarudi jioni, Lowell anazipanga sakafuni sebuleni na kuzikagua kama daktari. Hii ya mia tatu, baruti nyingi. Hii ya mia tatu, baruti kidogo. Hii ya kijana. Matundu yametawanyika kila upande, risasi nyingine hata karatasi hazikugusa. Za Kip nazo hovyo vile vile, yeye ambaye kwenye mashindano ya klabu hakuna anayependa kupangwa naye kwa jinsi asivyokosa. Lowell akasema mnaona, ni risasi. Akanunua baruti nyingine. Akabadilisha darubini. Akabadilisha kitako. Nikamwambia sasa bado kubadilisha mke, akasema hilo angelifikiria msimu ukiisha.

Septemba akaigundua mashine yangu ya kukaushia nguo. Nilikuwa jikoni nikamsikia anacheka peke yake, anatoka mbio ananishika mabega, ananibusu mbele ya mtu wa gesi. Kumbe mizani yake ya baruti ni nyepesi hivi kwamba hata pumzi inaitikisa, na mashine yangu ilikuwa inaitetemesha kiangazi kizima. Hakuna risasi iliyopata kipimo sawa na mwenzake. "Si bunduki, Verla," alinambia, "si mimi wala si Kip. Ni suruali zako za jinzi!" Sijamwona na furaha ile tangu Janelle azaliwe. Mashine ikapigwa marufuku. Nikaanika nguo nje kwenye upepo wa huku, na asubuhi nilikuwa naingiza suruali zimeganda, zinasimama zenyewe.

Akatengeneza upya risasi zote. Wakaenda shabahani yeye na Kip. Sahani zikarudi vile vile.

Hapo nikapasuka. Lowell alikuwa ameenda kuangalia uzio, na Kip akaja kurudisha sinia la pai. Nikamkalisha na kumsomea yote. Nikamwambia anamjaza mzee upuuzi wa bunduki na darubini, anamwingiza gharama na mawazo, na yeye mwenyewe anayejiita mpiga shabaha hata ghala hawezi kulipiga akiwa ndani yake. Kip alikuwa anakizungushazungusha kikombe cha kahawa. Kisha akasema, "Mama, mimi nakosa makusudi."

Akanieleza. Julai, siku ya kwanza kabisa, walipokezana bunduki moja na boksi moja la risasi. Zake ziliingia zote mahali unapoweza kupafunika kwa kiganja. Za mzee zilitawanyika. Mzee akasimama akiitazama ile sahani muda mrefu. Basi zamu iliyofuata Kip akavuta risasi pembeni kidogo, na mzee uso ukarudi, akaanza kuilaumu baruti. Tangu siku hiyo Kip hakuweza tena kupiga vizuri mbele ya mzee. Na akanambia lile ambalo mimi ninayelala kitanda kimoja na Lowell nilikuwa nalitazama bila kuliona: mkono wake wa kushoto unatetemeka. Si uchovu. Mtutu unacheza, alisema, hata ukiwa umeegemezwa.

Nilikaa pale nikikumbuka vikombe vilivyomwagika na mimi nikamkaripia. Lowell aliporudi sikumpa hata nafasi ya kuvua kofia. Nilitaka kumwambia mficha maradhi kifo kitamuumbua, lakini maneno yaliyotoka yalikuwa ya Kip, kwamba kijana anakosa makusudi. Hakushtuka. Akasema alilijua hilo tangu Agosti. Kijana anayemlaza mbweha anayekimbia hawezi kuikosa sahani iliyotundikwa. Nikamwuliza kwa nini basi amenyamaza, kwa nini amenigeuzia nyumba juu chini kwa kitu anachokijua. Akauinua ule mkono tukautazama wote wawili.

"Ningemwambia Kip aache," alisema, "kingebaki kitu kimoja tu cha kulaumu."

Dada, nilikuwa na hasira hata machozi yakakataa. Wanaume wawili wazima, kiangazi kizima, kila mmoja anamdanganya mwenzake kwa upendo, na mimi naanika nguo kwenye barafu.

Wiki iliyopita wakapanda mlimani. Kwa sahani, mwisho wa Lowell sasa ni yadi mia, tena amelala chini na bunduki imeegemezwa. Akasema basi atafika ndani ya yadi mia au hapigi. Akabeba ile ya Kip, kwa kuwa teke lake ni dogo, na hakuna aliyecheka. Kip amenisimulia yaliyobaki, mume wangu ameitikia kwa kichwa tu. Walimwona dume amelala juu ya mwamba, pembe zimejipinda mduara mzima. Wakatambaa kwa matumbo asubuhi nzima, upepo ukiwa usoni mwao, mpaka hata hizo yadi mia zikapungua sana. Lowell akakunja koti lake, akaiweka bunduki juu yake, akalenga. Akakaa hivyo. Dume akasimama, akageuka ubavu kabisa.

Lowell hakutoa jicho kwenye darubini. Akanong'ona, "Kip, mwaka huu umenidanganya vya kutosha. Unaona mtutu. Nipige?"

Kip anasema hajawahi kutamani kusema uongo kama alivyotamani pale. Akasema, "Hapana, mzee. Utamjeruhi."

Lowell akaitoa risasi taratibu, akaitia mfukoni. Wakabaki wamelala wakimtazama dume mpaka alipoondoka kwa wakati wake. Kibali kiko mezani hapa ninapoandika. Msimu haujaisha, lakini amenambia hapandi tena.

Alirudi akaoga, akala, akalala kama gogo. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa lolote: anune, agombe, aanze kunisomea habari za bunduki ya tatu. Asubuhi akaja jikoni na shati liko wazi. Akasimama mbele yangu akaiachia mikono yake ikaning'inia. Sijui ni miezi mingapi amekuwa akihangaika na vifungo huko chumbani mlango umefungwa. Nikaanza kumfunga vifungo, na kwa kuwa sikujua la kufanya nikamfokea kwamba lile shati ni chafu, kwamba ni la jana, kwamba mtu mzima hatoki hivyo. Nilipofika kifungo cha shingo akasema, "Mpigie daktari kule mjini Billings." Sikukiona kile kifungo, dada. Nilikifunga kwa kupapasa.

Tunakwenda Jumanne, utuombee. Nisalimie shemeji na majirani wote wa hapo kwenu. Janelle na Kip wanawasalimu. Mje sikukuu ya Shukrani kama magoti yatakubali, mashuka yenu nimeshayapiga pasi. Chakula chetu kitakuwa nyama ya ng'ombe, na tafadhali mwambie shemeji asiulize habari za kondoo mpaka Lowell azianze mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Verla