Gunia Haitembeake

Mpendwa mujukuu wangu Riziki,

Mimi babu yako niko na miaka makumi saba na tisa. Mulima umetoka moto mara tatu nikiwa hapa Goma, na mara tatu nimerudi kulala kwangu. Vita za rebelio sihesabu tena. Bale bote balisema Muzee Bahati atakufa mbele yao, nimebazika, na kwa mazishi yao nilikula vizuri. Sasa wewe uko kwa shangazi yako Kampala juu ya masomo, nami nimekamata kalamu, hata kama mukono wangu unajua kusukuma chukudu kuliko herufi.

Unakumbuka asubuhi ile tulipokimbia mulima? Nilikupandisha kwa chukudu yangu ya mbao, ya magurudumu mawili, kati ya godoro na sufuria, nikakusukuma mpaka Sake. Njia nzima ulikuwa unakula mikate ya mafuta. Tulipofika Mugunga mutu mumoja akaniuliza hiyo gunia ya viazi nauzisha ngapi. Nikamujibu, "Hii haiuzwi." Nilijivuna, kwa sababu pale pale, kwa kambi ya bakimbizi, mama yako alikuwa na miguu kama fimbo alipokuwa mutoto. Mashavu yako yalikuwa ushindi wangu. Toka siku ile nikakuita Gunia, na kila ukitoka masomo, mikate na soda.

Halafu akakuja Mama Solange, muganga wa kituo cha afya kwetu Katindo. Akasema unapumua kama muzee ukipanda kilima, na kwamba kila siku ya posho, ile Jumamosi, batoto banaruka kamba, banacheza ngoma, banatembea mpaka ziwa kule Himbi, na sisi bakubwa tunafundishwa kupika na mafuta kidogo. Nikamutuma aende kupima makomanda ba kambi ya basoda, bale ndio bako na matumbo. Hakukasirika. Aliuliza tu: mulima ukitoka moto tena, nani atamusukuma huyu?

"Mimi," nikasema.

Ulikuwa mulangoni na mukate mukononi. Ukatazama magoti yangu ya uzee.

"Babu, gunia haitembeake."

Ukaweka mukate kwa sahani, ukatafuta viatu.

Nilikufuata nikapeleleze makosa yao. Nikakuta yale mazoezi ni ya kuku, kurukaruka tu. Mimi ndiye nilileta chukudu, nikafundisha batoto kuisukuma kupanda kilima, na mutoto asiyetaka kuruka kamba akataka chukudu. Mama Solange leo anasema alishafikiria hayo zamani. Anadanganya, lakini mboga yake ya lenga-lenga ni tamu, nakula. Na mashavu yako hayakuisha, maana alikataza kabisa mutoto ashindishwe njaa. Pumzi tu ndiyo iliongezeka. Ulianza kuniacha nyuma ukicheka, mutoto bila heshima.

Kisha miaka ikapita, ukakomaa, na vita ikaingia muji. Magoti yangu yalikuwa yamevimba. Nikakaa kwa kiti, nikasema sikimbii basoda na bunduki zao, batanikuta hapa. Mama yako alilia. Wewe ulileta chukudu mpaka mulangoni.

"Babu, panda."

Nikasema mimi si muzigo.

"Panda. Gunia haisemake."

Nikapanda. Ulinisukuma kwenye yale mawe ya volkano mpaka paroisi, kwa kanisa, mama yako nyuma na sufuria. Njiani mutu mumoja akapiga kelele, hiyo gunia ni ya bei gani, na wewe bila kusimama ukajibu, "Haiuzwi." Nilicheka kati ya masasi ya bunduki mpaka nikataka kuanguka.

Chukudu nimeipaka mafuta, inakungoja. Siku ya posho batoto bananiuliza utarudi lini, nami nabaambia: akirudi, tutashindana, na nitamushinda. Ukitembea kwenda masomo huko, usikubali mutu akubebe.

Mutu akibishia barua hii, aulize Mama Solange, ijapokuwa atajisifu. Aulize padri wa paroisi, aliyenishusha kwa chukudu. Akibisha bado, aulize miguu yako.

Ni mimi babu yako,
Gunia