Fundi wa Boti ya Baba

Shoga, uko? Kaka ameuza boti ya matanga ya baba. Ameuza! Na mimi nimo humo humo ndani, naibadilishia mabomba ya maji ya kunywa.

Nilikuwa nimelala chali chini ya sinki, tochi mdomoni, nakaza kiungo cha mwisho. Mwanamume nisiyemjua akashuka ngazi, akauliza, "Fundi, unamaliza leo?"

Fundi.

Nikamuuliza yeye nani. "Mwenye boti. Niliinunua wiki iliyopita. Jamaa aliyeniuzia aliniambia kuna fundi wake anamalizia mabomba."

Fundi wake! Mimi, tumbo moja naye. Boti ambayo baba alituachia wote wawili.

Wala sikulia. Nilikuwa kama nimechomwa sindano ya ganzi mwili mzima. Unajua nilimjibu nini? "Nimebakiza hapa tu." Nikakaza. Nikawasha pampu. Kiungo hakikuvuja hata tone.

Tena nikamwambia ayaache maji yatiririke kwanza kabla ya kunywa, mabomba mapya yana ladha ya plastiki.

Akashukuru sana. Akaniomba namba ya simu, iwapo kitu kitaharibika.

Nikamtajia, shoga. Taratibu, asije akakosea.