Sala Fupi ya Baba

Nyumbani, chumba cha watoto
Jumapili alasiri

Mpendwa Shangazi,

Najua salamu ndizo hutangulia, lakini nikianza nazo nitapata mwanya wa kukimbia. Kwa hiyo naungama kwanza: namwonea Baba fahari kubwa, na sijawahi kumwambia mtu, wala yeye mwenyewe.

Haya, sasa hujambo? Goti limepoa? Sisi tuko salama. Mama anakohoa kidogo, lakini kwaya anaimba hivyohivyo na hakuna wa kumzuia.

Leo nimepata kipaimara. Mchungaji alitaka kila baba asimame mbele, amwekee mwanawe mkono kichwani na kumwombea kwa sauti. Unamjua kaka yako, Shangazi. Fundi bomba yule hata wateja huwajibu kwa kutikisa kichwa. Mimi ndiye niliyemrithi: shuleni nasoma kwa lugha mbili, na nanyamaza kwa zote mbili.

Aliyetutangulia ni mzee wa kanisa. Aliomba, akaomba, akawapitia manabii mmoja mmoja hadi mwanawe akaanza kupiga miayo. Ikafika zamu yetu. Baba akashika kipaza sauti, kimya. Mkono wa pili akauweka juu ya nywele zangu. Sauti ikatoka viti vya nyuma: "Fundi, leo bomba lako limeziba?"

Kanisa likacheka. Mimi sikuogopa kicheko. Niliogopa Baba angerudisha kipaza sauti, na asisali tena mbele ya watu maisha yake yote.

Hakukirudisha. Alisema, "Mungu, huyu ni wako, mimi umeniazimisha tu. Pale nilipomkosea, usimwache na jeraha. Amina."

Basi. Hakuna aliyecheka tena. Na mimi, ambaye kanisa zima halijui sauti yangu, nikaitikia amina mpaka kipaza sauti kikapiga mluzi.

Kwenye mafundisho tuliambiwa baba ni kichwa cha nyumba. Nilidhani kichwa ni kutoa amri. Huyu wetu juzi alimfokea mdogo wangu kwa kosa lisilo lake, na jioni, kabla ya sala, akamwomba radhi mbele yetu sote. Alisema hawezi kumwita Mungu Baba huku mwanawe amenuna pembeni. Mdogo wangu alijitia kununa kidogo zaidi, kwa raha zake.

Msalimie mumeo fundi saa, na mapacha wako watukutu. Mungu awafunike, mle na kulala kwa amani.

Nasikia viatu vya Baba ukumbini, vinakuja huku. Mkono wangu umeshaenda kwenye kitabu cha jiografia ili niifunike barua. Hapana. Naiacha wazi hapa mezani. Aingie, asome.

Ni mimi nikupendaye,
Binti wa kaka yako