Farasi Anayengoja Dua

Mwabungo,
Kupitia Ukunda, Kwale.
16 Novemba 2024

Mpendwa Dada Twaiba,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo dada. Natumai barua hii itakukuta u mzima, wewe na Shemeji na wanao, na kwamba joto la huko ng'ambo Sur limepungua kidogo. Magoti je? Ile dawa ya kuchua niliyokuletea umeitumia, au umeitia kabatini pamoja na zile nyingine? Mimi ni mzima, alhamdulillah, isipokuwa mgongo, na tabia za mgongo wangu unazijua.

Najua utashangaa kuletewa barua ya mkono ilhali simu tunazo. Dada, kwenye simu wewe hulia, nami ukilia nakubali kila kitu. Ndiyo maana nimemwomba Abdulwahab, jirani yetu anayerudi kazini huko, akuchukulie karatasi hizi. Mwezi mzima umeniuliza kama nakuja kuishi kwenu au siji. Jibu nitakupa, lakini limepitia kwa farasi, kwa hiyo univumilie.

Hapa nyumbani mambo ni yale yale. Ummi binti yangu hajambo, yuko kwa mumewe Kombani, huja akipata nafasi. Kaburi la Mbeyu tumelifyeka kabla ya mvua. Nilidhani mwaka wa pili wa ujane ungekuwa mwepesi kuliko wa kwanza. Sivyo.

Halafu Bahati amekufa. Yule farasi mwekundu uliyemwona kwenye picha, niliyempanda tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi. Ni ule ugonjwa unaoletwa na usubi wakati wa mvua. Alivimba juu ya macho, akatoa povu puani, na kesho yake hakuamka. Tulichimba shimo siku nzima. Nimechoka kuzika, dada, wawe watu au wanyama.

Kabla sijatulia, Bi Hana naye akasema anafunga kazi. Bi Hana ni yule mama wa Kizungu niliyemfanyia kazi miaka yote hii, ya kuwatembeza wageni kwa farasi pwani ya Diani. Amezeeka, anatembea kwa mkongojo, na watoto wake wanamwita kwao kama wewe unavyoniita. Farasi anawauza. Lakini aliniambia nichague mmoja awe wangu, hiyo ndiyo ahsante yake. Akaniusia kwamba nisichague kama mtu anayechagua shati, kwa sababu farasi akitunzwa huishi zaidi ya miaka ishirini, na ninayemchagua ndiye nitakayekuwa naye mpaka mmoja wetu alale. Nikacheka. Kwa umri wangu, wa kulala anajulikana.

Hapo ndipo swali lako na lake yalipofungwa kamba moja. Farasi wa kuchagua walikuwa wawili. Sultani ni mrefu, anang'aa, alikuwa wa mashindano huko Nairobi, na wageni hupanga foleni kupigwa naye picha. Kila mtu anamtaka. Nikimchukua yeye, atapata mnunuzi kabla jua halijatua, nami nitafunga mzigo nije kwenu. Lakini wa kubaki naye si yeye, maana kila masika hukohoa na kunitia hofu.

Wa pili ni Hasina. Huyu ni farasi wa Kisomali, mbegu ya wale wafupi waliopandwa na wafugaji wa kaskazini. Bi Hana anasema wenye asili safi wamebaki wachache, kwa kuwa wengi wamechanganywa na aina nyingine, na wachungaji wenyewe sasa wako kwenye pikipiki. Kwato zake ni ngumu, hukanyaga mawe ya tumbawe bila kiatu. Hunywa maji kidogo. Usubi umemshindwa. Ila sura hana, na anauma. Garama, yule wa ngamia, ana alama yake begani hadi leo. Garama huyo huyo ndiye aliyekuwa akinipitia kila asubuhi na kuniambia, mchagua nazi hupata koroma.

Niliswali istikhara mara kadhaa, Mungu anichagulie. Sikuota kitu.

Alhamisi asubuhi, maji yakiwa yamekupwa, Bi Hana akataka niwapande wote wawili kwa mara ya mwisho, kisha niseme. Nikaanza na Sultani. Mguu haujakaa sawa kwenye kikuku cha tandiko, ameshaondoka. Alinichukua vizuri tu, kama anavyomchukua mgeni yeyote.

Nikampanda Hasina. Akasimama. Nikamgusa kwa visigino, kimya. Nikavuta hatamu upande huu na huu, kimya. Garama akaanza kucheka. Nikapandwa na hasira, dada, na haikuwa ya farasi peke yake. Nilimkasirikia Bi Hana kwa kuondoka, nikakukasirikia wewe, unisamehe, nikamkasirikia hata Mbeyu kwa kunitangulia. Bi Hana, ambaye si wa dini yetu, akaegemea mkongojo wake akaniambia, "Swabir, hujasoma."

Unaikumbuka dua aliyotufundisha Baba alipokuwa akitupandisha punda wake. Subhanalladhi sakhkhara lana hadha. Ametakasika aliyemtiisha mnyama huyu kwetu, na sisi wenyewe tusingemuweza, na kwa Mola wetu tutarejea. Sikuwa nimewahi kupanda farasi bila kuisoma, na huisoma kwa sauti. Sikujua kwamba Hasina ameihesabu kuwa sehemu ya tandiko. Siku hiyo nilikuwa nimechoka hata nikaisahau. Nikaisoma. Nilipofika neno la mwisho, akainua mguu akaenda.

Nililia juu ya farasi, mtu mzima na mvi zangu. Garama aligeuka akajifanya anafunga kamba za ngamia wake.

Nikwambie kweli. Mbeyu alikuwa hapakui wali mpaka asikie salamu yangu mlangoni. Tangu afariki, nikiingia nyumbani nasalimia kuta. Sikudhani kama duniani kumebaki chochote kisichoondoka mpaka kinisikie.

Basi nimemchagua Hasina, na jibu lako ndilo hilo. Siji, dada. Kile chumba ulichonipakia rangi mpe mwanao alale na mkewe. Usidhani nimepona uchovu. Kesho nitaamka nao, na kuna banda la makuti la kujenga, na majani ya mwarobaini ya kufukiza kila jioni. Wageni watampita kwenda kwenye farasi warefu. Garama ameshatangaza Ukunda nzima kwamba nimeposa. Mwache aseme.

Najua kilichokufanya uning'ang'anie. Hukuwahi maziko ya Mbeyu, na tangu hapo unataka kunilipa kwa kunilaza kwako. Hakuna deni. Lakini kama moyo hautulii, njoo wewe. Hasina ni mfupi, ukisimama barazani utampanda na magoti yako hayo hayo. Hatamu nitazishika mimi. Dua utaisoma mwenyewe, na uisome kwa sauti, maana nina miaka sijaisikia kwako.

Nisalimie Shemeji Ramadhani, na mwanao Fauzia, na wajukuu ambao nawajua kwa picha tu. Ummi anakuamkia, na Shangazi Mwanapili anasema kanga ulizomletea bado hajazivaa, anazitunza kwa siku utakayokuja. Mwenyezi Mungu akupe afya, alainishe viungo vyako, na atukutanishe tungali na meno ya kuchekea.

Ndimi nduguyo wa tumbo moja, nikupendaye hata ninapokukatalia,

Swabir